Pima Bomba Kabla ya Kununua Hudi

Jioni ya kwanza nilipowasha hudi yangu mpya, mtoto alitoka chumbani kuuliza kuna nini jikoni. Mlio ulikuwa kama wa mashine ya kusaga, na bado mvuke wa sufuria ulipita pembeni, ukagonga dari na kuteremkia ukutani kana kwamba hakuna kilichowashwa. Nikapandisha kasi hadi ya tatu. Kelele ikazidi, mvuke ukabaki palepale. Kifaa kilikuwa kizima, kimeandikwa kwamba kinavuta mita za ujazo 600 kwa saa, na fundi wa umeme alikuwa amekikagua akaridhika. Kosa lilikuwa langu, tena lilikuwa juu ya dari ambako sikujisumbua kutazama. Lilikuwa kwenye bomba la zamani.

Hudi ninayoisema ni kile kifyonza moshi kinachokaa juu ya jiko. Ziko zinazochuja hewa kwa mkaa na kuirudisha palepale jikoni. Hizo si habari yangu leo. Nazungumza na yule anayeng'oa hudi iliyochoka na kuweka mpya, akiwa na bomba la kutoa hewa nje ambalo limo nyumbani tangu zamani. Wengi tunaona kazi ngumu imeshafanyika, kwa kuwa tundu lipo na bomba lipo, imebaki kuunga tu. Mimi sasa naona kuunga kwenye bomba la zamani kuna mitego kuliko kutoboa ukuta upya, maana unarithi maamuzi ya mtu usiyemjua, aliyeyafanya kwa ajili ya hudi nyingine kabisa.

Shingo ya hudi yangu, yaani ile duara ya juu inayopokea bomba, ilikuwa ya milimita 150. Bomba lililochomoza darini lilikuwa la milimita 100. Dukani nikapata rediusa, yaani kipande cha kuunga bomba pana na jembamba, iliyokaa sawasawa huku na huku, nikajipongeza. Kwa macho, tofauti ya 150 na 100 ni theluthi tu. Lakini hewa haipiti kwenye kipenyo, inapita kwenye uwazi wote wa duara. Duara la milimita 150 lina eneo la sentimita za mraba kama 177. La 100 lina 79 hivi. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeziba zaidi ya nusu ya njia.

Ili mita za ujazo 600 zipite kwa saa moja, ndani ya bomba la 150 hewa inatakiwa kwenda kasi ya mita 9 na ushei kwa sekunde. Ndani ya la 100 inatakiwa kwenda mita 21. Ule mlio ulitoka hapo. Na ukinzani hauongezeki polepole: kwa kiasi kilekile cha hewa, kushuka kutoka 150 hadi 100 kunauzidisha zaidi ya mara saba kwa kila mita ya bomba. Hata 125, inayoonekana kama jirani wa 150, inauzidisha karibu mara mbili na nusu. Feni ya nyumbani haina ubavu wa kushindana na hilo. Inazunguka, inalia, na kinachotoka nje ni sehemu ndogo tu ya ile namba ya kwenye boksi, ambayo hata hivyo ilipimwa kwa bomba la saizi yake, si hilo lako.

Kwa hiyo ukinisikiliza jambo moja tu, basi ni hili: shika futi uende kwenye bomba kwanza, dukani baadaye. Pima kipenyo cha ndani mara mbili, mara ya pili kwa kukata msalaba, kwa sababu bati la zamani hubonyea likawa kama yai. Bomba likitaka kupanuka kadiri linavyoelekea nje, lipanuke, halina tatizo. Lisibanwe mahali popote, hata kwa sentimita ishirini.

Ukiwa hapohapo, tazama ndani. Mimi hutumia simu: nawasha tochi, nawasha kamera ya video, naisukuma juu kwa mkono hadi inapofika, halafu nakaa chini kutazama nilichorekodi. Katika bomba langu niliona mafuta yaliyoganda ukutani mwa bati kama nta ya kahawia, tepu iliyoachia ikining'inia katikati ya njia, na mwanga wa nje ambao ulipaswa kuonekana lakini haukuonekana. Kule nje kilango cha mwisho wa bomba, kile kinachofunguliwa na hewa inayotoka, kilikuwa kimegandia kwenye mafuta kikiwa kimefungwa. Ina maana hudi ya zamani ilikuwa inavuta hewa isiyokwenda popote kwa muda ambao sijui ni miaka mingapi, na sisi tulikuwa tunailaumu kwamba imezeeka.

Hayo ni madogo. Kuna mambo manne ambayo ukiyakuta, weka chini bisibisi. La kwanza ni bomba linaloishia darini, halifiki nje. Hili lipo kuliko unavyodhani. Mtu alichoka, akaliacha juu ya mbao akafunga dari. Mvuke na mafuta vinamwagika humo, mbao zinaoza, na siku ikizuka cheche kuna kuni zilizokwisha kupakwa mafuta. La pili ni bomba la gesi chafu la hita ya maji au la jiko la kupasha nyumba joto. Hudi haiungwi huko kabisa, maana hewa ya sumu isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, inaweza kurudishwa ndani ya nyumba. La tatu ni mkondo wa pamoja wa jengo la ghorofa. Ukiusukumia hewa kwa mota, moshi wako unaibukia kwa jirani wa juu. Muulize msimamizi wa jengo kabla hujagusa. La nne ni bomba la kijivu, zito, linalofanana na saruji, katika nyumba ya zamani. Linaweza kuwa na asbesto. Usilikate, usilitoboe, usilipige msasa, kwa sababu vumbi lake ndilo lenye madhara na saratani yake huja baada ya miaka mingi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa.

Tuseme bomba lako ni la bati la kawaida, linafika nje, ila halilingani na hudi. Hapo una njia tatu, na sitakuficha ninayoipenda. Unaweza kubadilisha bomba zima liwe la saizi ya shingo ya hudi. Unaweza kutafuta hudi yenye shingo ya saizi ya bomba ulilonalo, yenye nguvu ndogo, ukaridhika nayo. Au unaweza kufanya kama nilivyofanya mimi, ubane kwa rediusa, uishi na kelele. Niliishi nayo wiki tatu, kisha nikatoboa ukuta. Laiti ningetoboa siku ya kwanza, dari ningeifungua mara moja badala ya mbili.

Mabomba ya mstatili yanachanganya watu zaidi, lakini hesabu ni ileile ya eneo. Mkondo bapa wa milimita 204 kwa 60 una sentimita za mraba kama 122, sawasawa na bomba la duara la 125. Ule wa 220 kwa 90 una 198, kwa hiyo hudi ya 150 inaungwa humo bila kubanwa. Kinachotakiwa ni kipande cha kugeuza, upande mmoja duara na upande mwingine mstatili. Usijaribu kukibuni mwenyewe kwa kulibonyeza bati la duara. Nimeona lililobonyezwa; kona zake zilikuwa wazi kiasi cha kupitisha kidole.

Na sasa lile bomba la kunyumbuka, lenye mapingili kama koromeo. Mafundi wengi hulipenda kwa kuwa halidai vipimo: unalivuta, unalipinda, unalifunga, unaondoka. Mimi silipendi. Kila pingili ni kingo inayokinga mafuta, na bomba lenyewe hulegea katikati likafanya kitumbo ambako mafuta na maji hutuama. Ukilibana kidogo kwenye kona, njia inasinyaa bila wewe kuona. Kanuni kielelezo za nyumba za makazi kule Marekani zinataka bomba la hudi liwe la chuma na laini ndani, na nikikumbuka nilichokitoa kwenye bomba langu la zamani naelewa kwa nini. Kama kitabu cha hudi yako kinaliruhusu na huna namna nyingine, basi kata kipande kifupi, ukivute hadi kinyooke kabisa, na kisipinde zaidi ya mara moja.

Kona nazo zina gharama yake. Kiwiko kimoja cha nyuzi 90 kinaikaba hewa sawa na kuongeza mita kadhaa za bomba lililonyooka, na viwiko viwili vilivyofuatana vinaweza kuikaba zaidi, kwa sababu hewa inaingia cha pili ikiwa bado inazungukazunguka. Mahali pa nyuzi 90, viwiko viwili vya 45 vyenye kipande kilichonyooka katikati hufanya vizuri zaidi. Na kama nafasi ipo, acha angalau sentimita 30 za bomba lililonyooka juu ya shingo ya hudi kabla ya kona ya kwanza.

Hapo ndipo watu hukwama siku ya kazi: tundu la darini halimo sawasawa juu ya shingo ya hudi mpya. Langu lilipishana kwa sentimita 6. Nilichofanya ni kukata boksi la hudi, nikachora juu ya karatasi ngumu mgongo wa hudi na duara la shingo kwa vipimo vya kitabu, nikaibandika ukutani kwa urefu kamili. Urefu wenyewe soma kwenye kitabu cha hudi na cha jiko, ufuate ule mkubwa. Juu ya jiko la gesi sentimita 65 ndicho kiwango cha chini unachokikuta mara nyingi. Karatasi ile ilinionyesha, kabla sijatoboa tundu hata moja, kwamba viwiko viwili vya 45 vingeficha ule mpishano ndani ya kava la juu bila kugusa dari. Dakika ishirini za mkasi na penseli.

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha hudi, kisha hakikisha kwa testa. Waya wa ethi usiuache ukining'inia. Kama hudi ya zamani iliungwa moja kwa moja bila plagi na wewe si mtu wa umeme, mwite anayejua. Sehemu hiyo ni ya nusu saa kwake. Kushusha hudi ya zamani kunataka watu wawili, mmoja abebe, mmoja afungue. Tandika kitu usichokipenda, maana bomba likiachana na shingo hudondosha vumbi lenye mafuta ambalo halitoki kwenye nguo.

Kuna ujanja mmoja ambao ulinichukua saa mbili za matusi ya kimoyomoyo kuugundua. Hudi ikishakaa ukutani, hakuna nafasi ya kuingiza kipande cha mwisho cha bomba, kwa sababu kinatakiwa kuvaa shingo chini na wakati huohuo kuunga na bomba la juu, na bati halinyooki wala halirefuki. Tengeneza soksi. Kata kipande cha urefu wa kama sentimita 25 chenye kipenyo kikubwa kidogo, kinachoteleza juu ya bomba. Kivishe bomba la juu kwanza, ukisukume hadi juu, ukishike kwa tepu kidogo. Pandisha hudi, ifunge ukutani, iweke sawa kwa pima maji. Kisha bandua ile tepu, uteremshe soksi hadi ivae shingo. Kiungo kimoja kinabaki juu, kingine chini, na mikono yote miwili iko huru. Ila usiuige ujanja huu kwenye viungo vingine. Huko kote kipande kilicho karibu na hudi ndicho kiingie ndani ya kinachofuata, ili hewa isikutane na kingo ya bati. Soksi ina kingo moja kule juu, ndiyo maana uikate fupi.

Kabla hujaivisha, angalia kilango kwenye shingo ya hudi. Ni mabawa mawili mepesi yanayofunguka hewa ikitoka na kujifunga feni ikizimwa, ili upepo, baridi na wadudu wasirudi ndani. Mengi husafirishwa yakiwa yamebandikwa tepu ya kiwandani. Ibandue. Mimi niliibandua, nikajiona mjanja, halafu nikapiga skrubu mbili za bati kushikilia soksi kwenye shingo. Skrubu moja ikaingia ndani kiasi cha nusu kidole, ikakaa mbele ya bawa la kushoto. Hudi ikavuta upande mmoja. Niliigundua kwa sababu kulikuwa na mlio wa tik-tik kila nikiwasha, kama kucha inayogonga bati. Kwenye kiungo cha shingo sasa situmii skrubu kabisa. Kwenye viungo vingine, kama ni lazima, chagua fupi kabisa, maana kila ncha inayochomoza ndani inashika mafuta.

Na kama bomba lako lina kilango cha zamani katikati, pamoja na kile cha hudi na kile cha ukutani nje, toa cha katikati. Kila kimoja kinadai nguvu ya kukifungua.

Kuhusu tepu nina msimamo mkali. Ile ya kijivu ya kitambaa, ambayo watu wengi wanaijua kama tepu ya mabomba, haifai kwa mabomba ya hewa. Mwaka 1998 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory huko Marekani walijaribu tepu na vizibo vya aina nyingi kwenye viungo vya mabomba, kwa joto, na tepu ya kitambaa ndiyo iliyoshindwa, tena vibaya. Ile niliyoikuta ikining'inia ndani ya bomba langu ilikuwa hiyohiyo, gundi imekauka ikawa unga. Nunua ya foili ya aluminiamu yenye karatasi ya kubandua mgongoni. Lakini hata hiyo haishiki juu ya mafuta. Futa bati kwa sabuni kali, likauke, ndipo ubandike, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko hadi mikunjo yote ilale.

Bomba likilala, lielekeze lishuke kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvuke uliopoa yasirudi kudondokea jikoni. Likipita mahali penye baridi, livalishe kizuia joto. Na nje usiweke wavu wenye matundu madogo kwa hofu ya ndege, kwa kuwa unajaa mafuta ukawa ukuta. Kilango kinachojifunga chenyewe kinatosha.

Jambo jingine halimo ndani ya bomba kabisa. Hewa unayoitoa lazima ipate pa kuingilia. Nyumba iliyofungwa vizuri ikivutwa na hudi yenye nguvu, hewa hutafuta njia yoyote, pamoja na kushuka kupitia bomba la hita ya gesi na kuingiza sumu. Vitabu vya hudi nyingi za Ulaya vinataja kikomo: mvuto wa ndani usizidi paskali 4 (paskali ni kipimo cha mgandamizo) kama kuna kifaa kinachochoma gesi, mafuta au kuni na kuvuta hewa ya chumba hichohicho. Kanuni kielelezo za nyumba za makazi kule Marekani zinaanza kudai njia maalumu ya kuingiza hewa, kwa nyumba yenye kifaa cha namna hiyo, hudi ikivuka futi za ujazo 400 kwa dakika, ambazo ni mita za ujazo kama 680 kwa saa. Mimi hufungua kidogo dirisha la chumba cha pili, si la jikoni, ili hewa ipite juu ya jiko ikielekea kwenye hudi badala ya kukatiza njia.

Kujaribu hakuhitaji kifaa. Watu huweka karatasi laini kwenye chujio, ikishika wanashangilia. Hata yangu ya kwanza, iliyobanwa na rediusa, ilishika karatasi. Jaribio la kweli ni la nje: mtu awashe kwa kasi ya chini, wewe utazame kilango cha ukutani kama kinafunguka chote. Kisha washa njiti, uizime, uupitishe moshi wake kwenye kila kiungo cha bomba unachokifikia hudi ikiwa imewashwa. Upande wa kusukuma, hewa hutoka, kwa hiyo moshi ukipeperushwa mbali na kiungo, hapo panavuja. Mwisho nenda kwenye hita ya gesi kama unayo, funga milango na madirisha, hudi kasi ya juu, ulete njiti nyingine kwenye mdomo wa bomba lake. Moshi ukirudi chumbani, zima vyote viwili, fungua madirisha, na usiitumie hudi mpaka pa kuingilia hewa papatikane.

Nilipoweka bomba la 150, mita tatu lililonyooka hadi ukutani, kasi ya kwanza ikafanya ambayo ya tatu ilikuwa imeshindwa, na tunaongea jikoni bila kupaaza sauti. Machujio nayaosha kila mwezi. Kila baada ya miezi michache napanda ngazi kutazama kilango cha nje. Mara ya mwisho nilikuta vijiti vitano na nyasi kavu zimeshaanza kupangwa kwenye ukingo wake, mwenye nyumba hayupo. Nikavitoa, nikakigusa kilango kwa kidole kuona kama kinacheza, nikashuka.